Kabla hujaisambaza video ya "maiti za viumbe wa anga"

Ndugu yangu, umeuliza kama maiti zenye vidole vitatu zilizoonyeshwa kwenye Bunge la Meksiko Septemba 2023 ni za sayari nyingine, maana binamu yako anasema chuo kikuu kilizipima. Hebu uliza kilipima nini. Maabara ya UNAM, chuo kikuu cha taifa cha Meksiko, ilipelekewa sampuli za ngozi mwaka 2017, ikatafuta umri wake kwa kipimo cha kaboni, basi. Chuo chenyewe kilijitenga na madai hayo. Mfupa wa kale hata ukigandishwa kwa gundi jana, kipimo kitasema ni wa kale.

Januari 2024 wataalamu wa Peru walitoa matokeo kuhusu vikaragosi viwili vya aina hiyo vilivyokamatwa uwanja wa ndege wa Lima: mifupa ya wanyama, gundi ya kisasa.

Kinachoniuma zaidi ni Ata. Ni mwili wa takribani sentimita 15 uliookotwa La Noria, jangwa la Atacama nchini Chile, mwaka 2003. Ukauzwa, ukatembezwa kama kiumbe wa anga. DNA iliyochapishwa 2018 ikaonyesha ni mtoto wa kike, binadamu. Mtoto wa mtu! Wanasayansi wa Chile walikasirika, na mimi nawaelewa kabisa.

Mwulize binamu: mwili ulitoka kaburi gani, kwa kibali cha nani, na watafiti wasio na maslahi wameruhusiwa kuukagua? Kama video haijibu, usiisambaze. Soko la maajabu haya huwapa waporaji sababu ya kufukua makaburi mengine.