Ukiona i kwenye matriksi linganifu, shika kalamu kwanza

Nilikuwa na mazoea mabaya: nikishaona matriksi (jedwali la namba) ni linganifu, yaani pande mbili za mshazari wake zinafanana kama kwenye kioo, nahesabu kazi imekwisha. Thamani zake za aigeni (namba ambazo matriksi huzidisha nazo vekta zake maalumu bila kuzitoa kwenye mstari wao) ni namba halisi, vekta hizo zinakutana kwa pembe mraba, na kuigeuza iwe ya mshazari, yaani yenye sifuri kila mahali nje ya mshazari, hakuna ubishi. Kwa namba halisi ni kweli tupu. Tatizo ni namba changamano, zile zenye i, ambapo i² = −1.

Nilikuwa nakokotoa mitetemo yenye msuguano. Nikaijaribu programu yangu kwa matriksi ndogo: safu ya kwanza 1 na i, ya pili i na −1. Ikaleta 1.414 na −1.414. Nikafurahi, kisha nikahakiki kwa mkono. Jumla ya mshazari, ambayo ndiyo jumla ya thamani za aigeni, ni 0. Ditaminanti, ambayo ndiyo zao la thamani hizo, ni −1 − i², yaani 0. Kumbe thamani zote mbili ni 0! Tena ukiizidisha matriksi hiyo kwa yenyewe unapata sifuri, ilhali yenyewe si sifuri. Matriksi ya namna hiyo haigeuki kuwa ya mshazari, ufanye ufanyavyo.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeita kanuni (sehemu ya programu) ya matriksi za Hermite, zile ambazo namba zinazotazamana hutofautiana kwa alama ya i tu; kanuni hiyo husoma nusu moja na kuijaza nyingine kwa kubadili alama ya i. Ilikokotoa matriksi nyingine kabisa, kimyakimya. Kwa matriksi linganifu za namba changamano, ita kanuni ya matriksi za jumla.

Halafu pima vekta za aigeni, yaani zile vekta maalumu. Zidisha kila kijenzi kwa chenyewe, ujumlishe, bila kugusa alama ya i. Vekta ya aigeni hapa ni (1, i), na 1 + i² = 0. Thamani isiyojirudia haiwezi kukupa sifuri hiyo, kwa hiyo ukiipata, jua thamani imejirudia.

Weka 0.6i badala ya i, utapata ±0.8, weka 1.25i, utapata ±0.75i. Katikati, kwenye i yenyewe, zinagongana, na hapo kosa la ukadiriaji wa kompyuta la 10⁻¹⁶ huvimba hadi karibu 10⁻⁸. Ukiona thamani mbili zinapishana kwa kiasi hicho, usiape kwamba ni tofauti.

Na mgawanyo wa Takagi (kuandika matriksi kama zao la matriksi tatu, ya katikati ikiwa ya mshazari), ambao kila matriksi linganifu inao, usikudanganye: kwa matriksi hii unatoa 2 na 0, lakini hizo si thamani za aigeni.