Kumwombea mtoto shule ya serikali England: kuandika shule moja tu kwenye fomu

Dada, umeuliza kama ukiandika shule moja tu kwenye fomu, halmashauri italazimika kumpa mwanao nafasi hapo. Hailazimiki. Kosa hili linaumiza familia nyingi, na linaepukika kabisa. (Nazungumzia England, Scotland wana utaratibu wao.)

Fomu inapelekwa halmashauri unayoishi, hata kama shule iko halmashauri jirani. Mwisho ni Oktoba 31 kwa sekondari na Januari 15 kwa msingi. London unaandika hadi shule 6, kwingine angalau 3. Sasa sikiliza vizuri hapa: shule haioni umeiweka ya ngapi. Inawapanga waombaji wake wote kwa vigezo vyake, kisha halmashauri inalinganisha orodha. Mtoto akipata shule mbili, anapewa ile uliyoiweka juu. Kwa hiyo weka ya kwanza ile unayoitaka kwa dhati, halafu jaza mistari yote, na mmojawapo uwe wa shule ambayo una uhakika nayo. Ukiandika moja ukaikosa, mtoto atapelekwa kwenye viti vilivyobaki, na viti hubaki pale ambapo wengine hawakupataka.

Wanaotangulia ni watoto ambao hati yao ya mahitaji maalumu imetaja shule hiyo, na walio au waliowahi kuwa chini ya uangalizi wa halmashauri. Kwa shule nyingi wanafuata wenye ndugu pale shuleni, kisha umbali. Kwenye umbali ndipo wengi wanapokwama. Tafuta umbali wa mtoto wa mwisho aliyepata nafasi, si wa mwaka jana pekee bali wa miaka 3, maana mwaka ambao wadogo wengi wa wanafunzi waliopo wanaomba, mduara wa wanaopata kwa umbali husinyaa. Soma pia wanavyopima: mstari ulionyooka au njia ya miguu, na hadi lango lipi. Nyumba iliyo mita 700 kwa mstari inaweza kuwa zaidi ya kilomita kwa miguu ikiwa reli imepita katikati.

Anwani ya shangazi usiitumie. Wanakagua kumbukumbu za kodi ya halmashauri, na nafasi iliyopatikana kwa udanganyifu hufutwa hata baada ya kutolewa. Anayebaki bila shule ni mtoto.

Shule za dini mara nyingi zina fomu ya ziada inayokwenda shuleni kwenyewe. Za mtihani wa kuingilia, usajili wake huwa kando na mara nyingi hufungwa kabla ya Septemba.

Ukikosa, ikubali shule uliyopewa. Kuikubali hakukutoi kwenye orodha ya kusubiri wala hakuzuii rufaa. Orodha hiyo hupangwa kwa vigezo, si kwa aliyewahi, hivyo usishtuke ukishuka kutoka wa 4 hadi wa 7: kuna waliohamia karibu zaidi.

Rufaa ya madarasa ya miaka 5 hadi 7 ni ngumu, kwa kuwa sheria inataka watoto wasizidi 30 kwa mwalimu mmoja. Jopo huangalia hasa kama vigezo vilikosewa. Sekondari kuna upenyo zaidi. Usijaze karatasi kwa ubaya wa shule uliyopewa. Eleza kwa nini huyu mtoto anaihitaji ile nyingine: somo lisilofundishwa kwingine, au matibabu, ukiambatanisha barua ya daktari. Una angalau siku 20 za masomo tangu upate jibu kuiwasilisha.