Kidonda cha punda na picha niliyoifuta

Niliipiga picha hiyo gatini Lamu, nikairusha mtandaoni kabla sijafika nyumbani. Punda amebeba mifuko miwili ya saruji, kilo 50 kila mmoja, na penye kamba ubavu umechubuka hadi nyama inaonekana. Uso wa mwenye punda niliukata, nikajiona mwungwana. Lamu hii, ambako watoto humjua punda wa jirani kwa mwendo wake, mimi nadhani nimemficha mtu!

Hadi Isha laana zilikuwa zimejaa. Afungwe, anyang'anywe, abebeshwe yeye. Wengi waliozituma hawajawahi kukanyaga kisiwani. Kesho yake fundi aliyekuwa akimpa kazi mwenye punda huyo akaita mchukuzi mwingine, ambaye punda wake nao walikuwa na vidonda, ila bahati yao hawakupigwa picha.

"Ndoo, mwanangu," yaani njoo, ami yangu aliniita kwa Kiamu barazani, mtaa wa Langoni. "Mato yako, macho hayo, yamemuona punda. Mwenye punda hayakumuona?"

Sikuwa na jibu. Nilikwenda kusoma badala yake, ndiyo tabia yangu nikishindwa. Nikakutana na wazo la James Jasper, mwanasosholojia wa Marekani, analoliita mshtuko wa kimaadili: mtu anaona jambo linalomchoma moyo kiasi kwamba anaingia harakati bila kuitwa na yeyote. Mwaka 1995 yeye na Jane Poulsen waliandika kwamba wanaharakati wa wanyama waliingia zaidi kwa njia hiyo, huku wapinzani wa nyuklia wakivutwa zaidi na marafiki na jamaa. Hapo nikaielewa picha yangu. Ilikuwa imefanya kazi yake sawasawa: iliwakusanya wageni. Lakini wageni hawamfungui kamba punda wa Lamu.

Kingine nilichokiona ni nani huhukumiwa. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1822 ya kuwakinga ng'ombe, farasi na punda na ukatili. Mchukuzi wa sokoni akimcharaza punda wake aliweza kushtakiwa, lakini bwana mkubwa aliyewinda mbweha na mbwa wake sheria hiyo haikumgusa. Sisi nasi tunafanya vivyo hivyo. Mchukuzi hulipwa kwa tripu. Mwenye nyumba anataka mawe ya kisiwa cha Manda yafike leo, kwa bei ya jana. Mifuko miwili kwa safari moja si ukatili wa moyo wa mtu, ni hesabu aliyowekewa. Na anayeweka hesabu hiyo huwa kakaa kivulini anakunywa kahawa, pengine ndiye anayeandika "masikini punda" chini ya picha.

Sisemi kelele hazifai kabisa. Biashara ya ngozi za punda ilipopamba moto, kelele zilisaidia: Februari 2020 serikali ya Kenya ilitangaza kupiga marufuku uchinjaji wa punda kibiashara, Mahakama Kuu ikaitengua marufuku hiyo mwaka 2021, kisha Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakaafikiana kuzuia biashara hiyo barani. Ila tazama: huko wenye punda wenyewe walikuwa mbele, wakilia kwamba punda wao wanaibwa usiku. Mwanaharakati na mchukuzi walisimama upande mmoja. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili, na simu mkononi.

Basi ukimuona punda ana kidonda, mwendee mwenye punda kwanza, umsalimie, umuulize habari za kazi, na simu iache mfukoni. Nilifuta picha, nikaenda kuomba radhi. Alininyamazia muda mrefu. Halafu akanionyesha shogi lake, ule mfuko wa mizigo unaowekwa mgongoni mwa punda: limechakaa, na kamba ya nailoni imemla mnyama. Dawa hakujua aanze wapi. Tukampeleka punda kwenye hospitali ya punda, ile iliyopo Lamu tangu 1987, ambako hutibiwa bure. Tukashona magunia chini ya shogi. Wale wa hospitali walitutangulia kwa akili, kwani wana mashindano ya punda aliyetunzwa vizuri, na mtu akishinda hutembea kifua mbele mtaani. Fahari imefanya mengi kuliko aibu.

Dini pia ni mlango, ila usiugonge kwa teke. Sote tumefundishwa chuoni, kwenye Kurani, habari za mwanamke aliyemfungia paka mpaka akafa, na kwamba Mtume (s.a.w.) alimlaani aliyemtia punda chapa usoni. Mchukuzi anazijua Hadithi hizo kuliko wewe. Ukimsomea mbele ya watu atasikia unamwita kafiri.

Halafu mwendee anayelipa. Hapa ndipo pagumu, kwa sababu mara nyingi ni jamaa yako. Mimi nilianza na shemeji yangu anayejenga mtaa wa Mkomani: alipe kwa siku, na punda abebe mfuko mmoja. Alipiga hesabu, akaguna, akaniuliza kama nitachangia hiyo tofauti. Tumefikia nusu njia: mchanga analipa kwa siku, saruji bado kwa tripu, ati mvua ziko karibu. Dada yangu hajafurahi na mimi.

Yule mchukuzi siku hizi tunasalimiana. Juzi nilitoa simu nitazame saa, akamgeuza punda upande wa pili, akacheka. "Mwalimu, irudishe mfukoni kwanza."