Mmeuliza, tunajibu: Excel ikilinkiwa na Access, namba zinapotelea wapi?

Barua za safari hii karibu zote zina ugonjwa mmoja, mtu ana kazi yake ipo kwenye Excel (programu ya majedwali), kailinki na Access (programu ya kuhifadhi data, inayolisoma faili la Excel pale pale lilipo) apate ripoti nzuri, khalafu anachokiona kwenye Access sicho alichokiandika. Nimechagua nne. Someni zote hata kama swali si lako, mana jibu la mmoja linamgusa na mwengine.

Assalaam alaykum. Mie karani wa kikundi cha wakulima wa karafuu huku Wete. Rejista ya wanachama ipo Excel, nimeilinki na Access ili nitoe ripoti nani kaleta kilo ngapi za karafuu na ngapi za makonyo. Wanachama wa zamani nambari zao ni 1, 2, 3 na kuendelea, ila wapya wa Micheweni tumewapa M/1, M/2. Sasa kwenye Access wote wa M wanaonesha kosa la #Num! wakati kwenye Excel nawaona vizuri kabisa. Nimeingia kwenye dizaini ya tebo nibadilishe kolamu iwe tekisti, inakataa. Nifanyeje na mavuno ndo haya? — Karani, Wete

Waalaykum salaam karani. Kwanza tulia, data zako hazijapotea, zimo mle mle kwenye Excel, ila Access ndo haizioni.

Excel haijali kolamu ina kitu gani. Kila seli inajibeba yenyewe, hii namba, inayofuata maandishi, ya chini yake tarehe, na yote sawa tu. Access haikubali hivyo, kila kolamu lazima iwe na aina moja ya data kuanzia juu mpaka chini. Sasa ukilinki nani anaamua ni aina gani? Si wewe. Access inachungulia mistari ya mwanzo tu, kwa kawaida 8, inaangalia walio wengi ni nini, basi kolamu nzima inapewa aina hiyo, na wakitoka nusu kwa nusu namba ndo inashinda. Ni sawasawa na mnunuzi anaetia mkono juu ya gunia akaamua gunia zima ni daraja la ngapi. Mistari yako ya juu ni wanachama wa zamani, 1, 2, 3, ikasema hii kolamu ni ya namba, walipokuja wa M haikuwa na pa kuwaweka ikaandika #Num!. Na ujue inatokea kinyume chake vilevile, maandishi yakiwa mengi juu basi wale wa namba tupu ndo wanaogeuka #Num!.

Kwenye dizaini imekukatalia kwa sababu ile tebo si yake. Tebo iliyolinkiwa Access inashika njia ya kufikia faili na makisio yake tu, data yenyewe ipo kwenye Excel, kwa hivyo dawa inaanzia Excel.

Hapo sasa watu wengi wanakwama, naomba unisikilize vizuri. Wanaichagua kolamu, wanabadilisha fomati iwe Text, wanaseva, wanarudi Access, #Num! ipo palepale, wanakata tamaa. Kubadilisha fomati hakugeuzi kilichokwisha kuandikwa, kunahusu utakachoandika baadae. Ile 57 ya mwaka juzi ndani yake bado ni namba hata kama imesogea kushoto. Lazima iandikwe upya. Ukiwa na wanachama kumi unaweza kupita seli moja moja, F2 kisha Enter, ila kwa rejista nzima chagua kolamu yote, nenda Data, bonyeza Text to Columns, Next, tena Next, pale pa tatu chagua Text, Finish. Ukiona vipembe vya kijani vimetokea kwenye kona za seli ujue imekubali, na Excel ikikushauri uzirudishe ziwe namba usiifate. Seva, funga Excel, nenda Access ufute ile linki (unafuta linki tu, faili halifutiki) kisha ulinki upya, mana makisio ya zamani yanakaa mpaka umelinki tena.

Nikiwa mimi lakini ningefanya jengine zaidi, ningewapa wote herufi, wa Wete W/1, W/2, wa Micheweni M/1, M/2, hapo hakuna cha kukisia tena na mwanachama akibadilisha tawi inaonekana. Iulize kamati yako.

Mtandaoni utakuta wanaosema ingia kwenye rejistri ya Windows (pale inapoweka mipangilio yake) ubadilishe ile namba 8 iitwayo TypeGuessRows iwe 0 ili isome mistari mingi zaidi. Ipo kweli, ila hiyo inakaa kwenye kompyuta na si kwenye faili lako, ukimpelekea mwenzako Chake afungue kwenye mashine yake tatizo linarudi na yeye hajui kwa nini. Mie sishauri.

Ndugu, naweka kumbukumbu za wanachama wa SACCOS hapa mjini. Nambari za vitambulisho vya taifa (NIDA) zote zimeishia na 00000 na nyengine zinaonekana kama 1.99E+19. Nambari za simu nazo zimeanguka sifuri ya mbele. Nikilinki na Access ndo hivyo hivyo. Access imeziharibu? — Muweka kumbukumbu, Michenzani

Access haina kosa hapa, dada au kaka yangu. Zimeharibika tangu siku zilipotiwa Excel, na hili linaniuma kwa sababu nyuma ya kila nambari kuna mtu ambae kesho atakuja kuomba mkopo akaambiwa hatambuliki.

Excel inashika tarakimu 15 tu za namba. Nambari ya NIDA ina tarakimu 20. Ukiiandika mfululizo bila vistari Excel inaona ni namba, inashika 15 za mwanzo, 5 za mwisho inaziweka sifuri, na haikwambii kitu. Hizo tano hakuna fomula ya kuzirudisha, hata ubadilishe fomati vipi, hazimo tena. Rudi kwenye fomu za karatasi au kwenye kopi za vitambulisho uziandike upya. Ni kazi, najua, ila hakuna njia ya mkato na ukikuta mtu anakuuzia programu ya kuzirudisha usimpe pesa yako.

Kabla ya kuandika upya, geuza kolamu kwanza iwe Text, ndo uandike. Au andika na vistari vyake kama ilivyo kwenye kitambulisho, nane, tano, tano, mbili, vistari vinaifanya iwe maandishi moja kwa moja. Chagueni mtindo mmoja lakini, msiwe huyu na vistari yule bila, mana mtakuja kumtafuta mtu humpati na yumo. Kwenye Access fildi (yaani kolamu) iwe Short Text, aina ya maandishi, usiweke Number hata ya Double, nayo inakomea kwenye tarakimu 15 au karibu na hapo.

Kuna kitu kizuri kinaweza kukusaidia kukagua. Tarakimu 8 za mwanzo za NIDA ni tarehe ya kuzaliwa, mwaka, mwezi, siku. Kama una kolamu ya tarehe ya kuzaliwa, tengeneza kwiri (swali unaloiuliza Access ikuchagulie data) inayochukua tarakimu 8 za mwanzo za nambari kwa fomula ya Left, uzilinganishe na tarehe iliyopangwa kwa fomula ya Format kwa mtindo wa "yyyymmdd". Zisizolingana ndo za kuanza nazo, aidha nambari imekosewa au tarehe.

Simu ni nyepesi. Sifuri ya mbele ikianguka inarudishika kwa sababu unajua ilikuwa nini, namba za kwetu zina tarakimu 10, kwa hivyo kwenye Excel kolamu ya pembeni andika =TEXT(B2,"0000000000") uburure mpaka chini, kopi, kisha bandika thamani tu juu ya ile ya zamani. Walioandikwa kwa 255 watenge kwanza, hao washughulikie peke yao.

Na kitu usichokijumlisha usikiweke namba. Hakuna anaejumlisha nambari za simu wala vitambulisho wala pasipoti. Kilo, shilingi, idadi ya watu, hizo ndo namba.

Habari za kazi. Mie mwalimu wa skuli Chake Chake. Nina tebo ya wanafunzi ndani ya Access na matokeo yapo Excel, nimelinki. Nikiunganisha kwa nambari ya mwanafunzi kwenye kwiri inaniandikia Type mismatch in expression. Nambari ni zile zile, 1045 kwa 1045! — Mwalimu

Nzuri mwalimu. Kwa macho ni zile zile, ila kwenye tebo ya Access ni tekisti na kwenye ile ya Excel imekisiwa namba (angalia dizaini za zote mbili uhakikishe), na Access haiungi namba na tekisti. Ukiweza kuisafisha Excel kwa njia niliyompa karani wa Wete basi umemaliza. Usipoweza kwa sababu faili si lako, tengeneza kwiri ya kwanza juu ya ile linki yenye fildi hii, Namba2: Format([Namba],"0"), ndo kwiri ya pili uunganishe Namba2 na tebo yako. Kama nambari za skuli yenu zinaanza na sifuri, mfano 0045, basi weka "0000" badala ya "0". Ila kumbuka, kilichokwisha kugeuka #Num! kwenye linki hata Format haikiokoi.

Bado hazilingani? Tafuta nafasi tupu mwisho wa nambari, watu wanakopi kutoka WhatsApp na nafasi zinakuja nazo. Trim inaziondoa nyingi.

Salaam. Tuna nyumba ya wageni Nungwi. Buking zinatoka kwa mawakala tofauti kwa Excel, naziunga faili moja nazilinki na Access. Tarehe za kuingia na kutoka zinanichanganya, nyengine tupu, nyengine #Num!, na juzi mgeni kaja tarehe 3 mwezi wa 4 wakati mie nina 4 mwezi wa 3, chumba kina mtu mwengine. Faili moja la wakala tarehe zake zote zimekosea miaka minne. — Meneja, Nungwi

Pole sana bwana meneja, mgeni katoka mbali kufika usiku hana chumba ni aibu ya nyumba nzima. Hapa una matatizo mawili na yote yanaanzia kabla ya Access.

Tarehe ndani ya Excel ni namba iliyovishwa sura ya tarehe. Kompyuta ikiwa imewekwa mtindo wa Marekani, mwezi unatangulia siku, mtu akiandika 25/04/2024 haieleweki, hakuna mwezi wa 25, inabaki maandishi, ikifika Access ndo #Num!. Lakini akiandika 03/04/2024 inaeleweka vibaya, inakuwa tarehe 4 Machi, haina alama yoyote, na hii ndo iliyokupata. Yaani tarehe kuanzia 13 zinapiga kelele, za 1 mpaka 12 zinadanganya kimya kimya. Ukiona #Num! kwenye faili la wakala usirekebishe hizo tu ukaridhika, jua na zile zinazoonekana nzima zimo zilizogeuka, na ndo za hatari zaidi.

Kwa faili lililoingia hivyo, ambazo ni maandishi zipitishe Text to Columns, pale pa tatu chagua Date na mtindo wa DMY. Zilizogeuka zirudishe kwa =DATE(YEAR(C2),DAY(C2),MONTH(C2)). Usiifanye kolamu yote kwa pamoja, utazigeuza na zilizo sawa, tenganisha kwanza kwa =ISNUMBER(C2), TRUE ni zile Excel ilizozishika kama tarehe, humo ndo zimo zilizogeuka, na FALSE ni maandishi. Khalafu chukua buking tatu nne umpigie wakala simu akuthibitishie. Waambie wote waandike mwezi kwa jina, 3 Apr 2024, hapo hakuna wa kugeuza.

Miaka minne ni kitu chengine kabisa. Excel inahesabu siku kuanzia 1900, ila Excel za zamani za Macintosh zilikuwa zinahesabu kuanzia 1904 na mpaka leo faili linaweza kubeba mpangilio huo. Tofauti ni siku 1,462, miaka minne na siku moja. Angalia kwenye Options za lile faili, sehemu ya Advanced, kama pametiwa tiki 1904 date system. Usiitoe tiki kwanza, tarehe zote zitaruka. Kopi orodha uipeleke kwenye faili lako, uongeze au upunguze 1462 kutegemea zimeruka upande gani, kisha ulinganishe na buking unazozijua.

Ukiandika masharti ya tarehe ndani ya SQL (lugha ya kuandikia kwiri) ya Access tumia #2024-04-03#, mwaka mbele. Ukiandika #03/04/2024# Access inaisoma kimarekani hata kama Windows yako umeiweka mtindo wa Uingereza.

Umeuliza pia, sikuliweka hapo juu kwa ajili ya nafasi, kwa nini huwezi kurekebisha tarehe ukiwa ndani ya Access. Zamani ilikuwa inawezekana, Microsoft waliizima kuanzia Access 2003 Service Pack 2 baada ya kesi ya hataza (haki ya uvumbuzi) huko Marekani, tokea hapo Excel iliyolinkiwa ni ya kusoma tu. Kwa nyumba yenye wageni kila siku mie naona usiendelee na linki. Safisha hilo faili mara moja, tengeneza tebo ndani ya Access yenye Date/Time kwa tarehe na Short Text kwa pasipoti, ingiza data mle, na buking mpya zitiwe kwa fomu ya Access. Za mawakala zilinki kwenye tebo ya pembeni, zikague, zikiwa sawa ndo uzipitishe kwa kwiri ya kuongeza (append query), na Access ikikwambia kuna rekodi kadhaa zimeshindwa kugeuzwa aina, bonyeza No, ukazitafute hizo kwanza.