Sorcerer wa Damu ya Joka Baada ya Marekebisho ya 2024: Usimhamishe Alivyo, Mjenge Upya

Tangu kitabu kipya cha wachezaji wa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu na kanuni, kitoke Septemba 2024, ubishi juu ya Sorcerer wa damu ya joka haujaisha kwenye meza yetu. Nimemchezesha kwa kanuni za 2014, nikamchezesha kwa kanuni mpya, na kila mara kuna mwenzangu anayeuliza kama amhamishe wa kwake. Mhamishe. Ila usichukue karatasi ya zamani ukabadilisha namba mbili tatu ukaona kazi imekwisha. Nguvu zake zimehama. Zamani zilikaa kwenye magamba na mabawa, sasa zimo kwenye uchawi anaoubeba na saa anayoamua kuufungulia.

Kwa ambaye hajawahi kukaa mezani: Sorcerer ni mchawi wa kuzaliwa. Hasomei uchawi vitabuni kama Wizard. Anao mwilini, na katika njia hii asili yake ni joka. Toleo la 2014 liliiita Draconic Bloodline, sasa inaitwa Draconic Sorcery. Kitabu chenyewe si cha bei ya kutupa, lakini hulazimiki kukinunua ili ujaribu. Kanuni za msingi, SRD 5.2, zilitolewa bure Aprili 2025 kwa leseni ya Creative Commons, na katika njia zote za Sorcerer ni hii ya joka iliyowekwa humo. Ile ya zamani nayo imo bure kwenye SRD 5.1. Pakua zote mbili uzisome sambamba.

Nianzie penye neema. Sorcerer wa 2014 alikuwa na njaa. Akifika levo ya 5, yaani daraja la tano la kupanda, alijua aina sita tu za uchawi. Toa Shield ya kujikinga, toa Misty Step ya kutorokea, unabaki na nne za kukutoa mpaka kampeni, hadithi ndefu mnayoicheza, ipande. Alikuwa fundi mwenye bisibisi moja na nyundo, anaomba kila kinachoharibika kiharibike kwa namna hiyo hiyo. Leo, levo hiyo hiyo, anaandaa aina tisa, na njia ya joka inamwongezea nyingine sita ambazo hazihesabiwi ndani ya hizo tisa: Alter Self, Chromatic Orb, Command na Dragon's Breath kuanzia levo ya 3, kisha Fear na Fly akifika ya 5. Jumla kumi na tano, dhidi ya sita za jana. Mtu akikwambia marekebisho haya ni ya kupaka rangi, mwonyeshe hesabu hiyo.

Kwa hiyo unapomjenga upya, andika kwanza hizo za bure ndipo uchague zako. Nimeona watu wanatumia chaguo zao kwenye Fly na Command, kisha wanagundua baadaye kwamba wangezipata bila kuziomba.

Katika zote, Chromatic Orb ndiyo iliyobadilisha mchezo wangu. Unarusha tufe la asidi, baridi, moto, umeme, sumu au ngurumo, unachagua wakati wa kurusha, na madhara yake ni dadu tatu za pande nane. Kanuni mpya imeongeza kitu kitamu: dadu mbili zikitoa namba moja, tufe linaruka kwa adui mwingine aliye ndani ya futi 30, na unarusha upya kumpiga huyo. Kila uchawi mkubwa unakula nafasi ya uchawi, na unazo chache tu kwa siku, kila moja na levo yake. Ukitumia nafasi ya levo ya 1, uwezekano wa dadu mbili kulingana ni kama asilimia 34. Ukitumia nafasi ya levo ya 2 dadu zinakuwa nne na uwezekano unapanda hadi karibu asilimia 59, tena tufe linaweza kuruka mara mbili. Ndiyo maana nashauri nafasi zako za levo ya 2 uzimalizie hapo, hasa adui wakiwa wamesongamana. Meza yetu haina dadu za kutosha, tunatumia programu ya simu, na bado zile dadu nne zikianza kuzunguka kwenye kioo kila mtu anainamia simu. Zikija 7 na 7, kelele zake jirani anazijua.

Hapo unganisha na Innate Sorcery, uwezo mpya ambao kila Sorcerer anaupata levo ya 1. Ni tendo la ziada, unadumu dakika moja, na unaweza kuuwasha mara mbili kabla ya mapumziko marefu. Ukiwa umewashwa, kila shambulio la uchawi wako unalirushia dadu mbili za pande ishirini na kuchukua iliyo juu, na uchawi wako unakuwa mgumu kidogo kuukwepa. Kwa kuwa kuuwasha si kurusha uchawi, unaweza kuuwasha na kurusha tufe zamu hiyo hiyo. Dragon's Breath ni habari nyingine: inatumia tendo la ziada na nafasi ya uchawi, na kanuni mpya hairuhusu nafasi mbili ndani ya zamu moja. Ukiipulizia kwa mwenzako zamu hiyo, tufe lisubiri. Mimi huwa namwekea bundi wa Wizard wetu, mnyama wake wa kichawi. Bundi haruhusiwi kushambulia, lakini kupuliza pumzi ya joka si shambulio, na DM, yule anayeendesha mchezo, hana la kusema zaidi ya kutikisa kichwa.

Magamba sasa. Zamani kinga yako, namba ambayo adui lazima aifikie ili akupige, ilikuwa 13 ukijumlisha nyongeza ya wepesi. Ilikuwa sawasawa na uchawi wa kinga uitwao Mage Armor, basi, ila ya bure. Sasa ni 10 ukijumlisha nyongeza za wepesi na za karisma, ile sifa inayoendesha uchawi wako. Ukiwa na wepesi wa 14 (nyongeza +2) na karisma ya 17 (nyongeza +3), levo ya 3 kinga yako ni 15, yaani hujapata wala kupoteza. Ukipandisha karisma hadi 18 kwenye levo ya 4 inakuwa 16, ukifika 20 inakuwa 17, na hujagusa wepesi hata kidogo. Zamani ulipasuliwa katikati: upandishe karisma uchawi uume, au wepesi ngozi ipone? Sasa namba moja inafanya kazi zote mbili. Kwa hiyo kama karatasi yako ya zamani ina wepesi 18 na karisma 16, mwombe DM akuruhusu kuzipanga upya, la sivyo utahamia kwenye kanuni mpya bila kuonja faida yake. Na mchezaji wa aina nyingine ya mhusika anayetaka kuchota levo tatu tu za njia hii huku karisma yake ni 14, asijisumbue. Mage Armor itamkinga vizuri zaidi.

Kuna shimo dogo la kuangalia. Njia sasa unaichagua levo ya 3, siyo ya 1. Levo mbili za mwanzo huna gamba hata moja, na pointi zako za uhai ni za dadu ya pande sita. Chukua Mage Armor levo ya 1, kisha ukipanda levo ya 3 ibadilishe na kitu kingine, maana Sorcerer anaruhusiwa kubadilisha uchawi mmoja kila anapopanda. Zile pointi za uhai za ziada, moja kwa kila levo, unalipwa zote tatu kwa mpigo ukifika hapo. Lugha ya majoka haipo tena kwenye njia, ila imewekwa kati ya lugha za kawaida ambazo mhusika yeyote anaweza kuchagua mwanzoni. Ichague. Inachekesha Sorcerer wa joka anapohitaji mkalimani mbele ya joka.

Levo ya 6 ndipo penye uamuzi mkubwa, na hapa naomba usikimbilie moto. Zamani ulichagua joka wako levo ya 1, kabla hujajua kampeni inakwenda wapi, na kwa kuwa uchawi mwingi wa madhara ulikuwa wa moto, karibu kila mtu alikuwa mtoto wa joka mwekundu au wa dhahabu, majoka ya moto. Sasa unachagua kati ya asidi, baridi, moto, umeme na sumu ukiwa levo ya 6, umeshaona adui wa DM wako ni akina nani. Madhara ya aina hiyo yanakuingia nusu tu, siku zote, bila kulipia ile pointi ya uchawi (akiba ya Sorcerer ya kulipia nguvu zake) iliyotozwa zamani kwa saa moja. Na uchawi wako wa aina hiyo unaongezewa karisma kwenye dadu za madhara, mara moja kwa kila uchawi.

Hilo la "mara moja" ndilo la kulipigia hesabu. Scorching Ray ina miale mitatu, na ni mmoja tu unaoongezewa. Fireball unairushia madhara mara moja kwa wote, kwa hiyo karisma ya +4 inamfikia kila aliyemo ndani. Mimi nilichagua umeme, kwa sababu ya Lightning Bolt na kwa sababu kampeni yetu ilikuwa imejaa mashetani wasiotishwa na moto. Sorcerous Burst, uchawi mdogo mpya usiotumia nafasi, unakubali aina yoyote kati ya hizo tano, hivyo hata ukichagua asidi huishiwi cha kurusha. Ukitaka Fireball ibaki mfukoni, chukua Transmuted Spell kwenye Metamagic, ule ufundi wa Sorcerer wa kuugeuza uchawi wake: kwa pointi moja, moto wa Fireball unageuka baridi au umeme na nyongeza yako inahesabiwa. Sumu ndiyo pekee ninayoikataa. Maiti zinazotembea na mitambo mingi haziumwi na sumu kabisa.

Malalamiko makubwa ninayosikia ni ya mabawa, na yana haki. Mwaka 2014, ukifika levo ya 14, uliyakunjua na kuyakunja utakavyo. Sasa yanadumu saa moja, mara moja kwa mapumziko marefu, na kuyarudisha ni pointi 3. Mwendo umepanda hadi futi 60, lakini saa ni saa. Hapa walipunguza, hakuna namna ya kulipamba. Ninachowajibu wenzangu ni kwamba Fly unayo tangu levo ya 5, na meza nyingi ninazozijua zinavunjika kabla ya levo ya 14, mtu amehamishwa kikazi, mwingine ameoa. Kilichoongezwa chini kinatumika. Kilichokatwa juu wengi hawakuwahi kukishika. Ule uwezo wa levo ya 18 wa kutisha au kupumbaza watu kwa pointi 5 umefutwa, na sijakutana na aliyeulilia.

Mahali pake ameletwa joka mwenyewe. Summon Dragon unaipata levo ya 9, na ukifika levo ya 18 unaita mara moja kwa mapumziko marefu bila nafasi ya uchawi, tena ukikubali adumu dakika moja hahitaji umakini wako, yaani unabaki huru kushikilia uchawi mwingine. Akitokea, unachagua aina moja ya madhara ikuingie nusu muda wote awapo. Usirudie ile uliyokwisha kuichagua levo ya 6. Ila kabla ya levo ya 18, kumwita kunahitaji kitu kilichochorwa kwa kuchongwa sura ya joka, cha thamani isiyopungua vipande 500 vya dhahabu, na hakiokotwi njiani. Mwambie DM wako mapema, mkiwa bado levo ya 7 au 8, ili kitu hicho kiwe kwenye sanduku la hazina fulani na siyo kwenye duka la mjini mtakalolipita mkiwa hamna kitu mfukoni.