Maswali ya Wasomaji: Nishani ya Mmalawi Aliyemwokoa Mtanzania

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu nyingi kutoka Songea. Mwanangu alirejea kutoka kulinda amani Kongo akiwa na nishani ya Umoja wa Mataifa, nasi nyumbani tukafurahi mno. Jirani yangu akasema kwamba nishani hiyo hupewa kila anayekwenda, na kwamba ya ushujaa hasa alipewa yule askari wa Malawi aliyekufa akimwokoa Mtanzania kule Beni. Je, ni kweli? Nishani hiyo ina jina la nani, na ni lazima mtu afe ndipo aipate?
Mama wa askari

JIBU: Mama, jirani yako hakukosea, ila amesema kana kwamba ya mwanao ni bure. Nishani aliyorejea nayo ni ya utumishi, na hutolewa kwa mwanajeshi au polisi aliyetimiza walau siku 90 katika misheni. Huko Kivu Kaskazini, jimbo la mashariki mwa Kongo uliko mji wa Beni, siku 90 si mchezo: tarehe 7 Desemba 2017 Watanzania 15 waliuawa katika shambulio moja dhidi ya kambi yao ya Semuliki. Wale wanaofia kazini hupewa nishani nyingine, yenye jina la Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1961 akiwa safarini kutafuta suluhu ya vita vya Kongo.

Aliyoizungumzia jirani yako ni ya tatu, nayo ni adimu kuliko zote. Inaitwa Nishani ya Kapteni Mbaye Diagne ya Ujasiri wa Kipekee, na ilianzishwa na Baraza la Usalama mwezi Mei 2014 kwa azimio namba 2154.

Mbaye Diagne alikuwa Msenegali, mwangalizi wa kijeshi asiyebeba silaha katika kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Rwanda, wakati mauaji ya kimbari yalipoanza Aprili 1994. Waangalizi walikuwa wamekatazwa kwenda kuokoa raia. Yeye alikwenda, tena mara kwa mara, akiwapakia watu wachache wachache ndani ya gari lake na kuwapitisha kwenye vizuizi vya barabarani vya Kigali ambako wanamgambo walisimama na mapanga, naye akapita kwa sigara alizowagawia, kwa utani, na kwa uso uliokwisha kuzoeleka. Miongoni mwa aliowaokoa ni watoto wa Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, ambaye aliuawa tarehe 7 Aprili. Kamanda wake, Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada, alijua kwamba amri inavunjwa na hakumzuia. Kwa maoni yangu, kunyamaza huko ni miongoni mwa maamuzi mema ya misheni ile, ambayo kwa mengine mengi haikujitendea haki. Tarehe 31 Mei kombora la mzinga lilianguka karibu na gari la Diagne kwenye kizuizi kimoja cha jijini, akafa, zikiwa zimebaki siku chache tu arudi kwao. Mjane wake na watoto wao wawili walikabidhiwa nishani ya kwanza mwaka 2016, miaka 22 baadaye.

Sasa nije kwa Mmalawi. Praiveti Chancy Chitete alikuwa katika Brigedi ya Kujibu Mashambulizi, ile iliyoundwa mwaka 2013 kwa askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na ambayo, tofauti na ilivyozoeleka kwa walinda amani, iliruhusiwa kuyafuata makundi ya waasi yaliko. Katikati ya Novemba 2018 brigedi hiyo, pamoja na jeshi la Kongo, iliishambulia ngome ya waasi wa ADF, kundi lenye asili ya Uganda, katika eneo la Kididiwe, karibu na Beni, wakati ambapo mashambulizi ya waasi hao yalikuwa pia yakiwakwamisha watu waliopambana na ugonjwa wa Ebola. Mapigano yakawa makali. Koplo mmoja Mtanzania akajeruhiwa vibaya, akashindwa kujongea, akabaki peupe mbele ya bunduki za adui. Chitete akamfuata pale alipolala, akamburuta hadi penye kinga, akaanza kumpa huduma ya kwanza. Katika kufanya hivyo akapigwa risasi, naye baadaye akafariki kwa majeraha hayo. Koplo alipona. Mapigano hayo yaliwaua Wamalawi sita na Mtanzania mmoja.

Tarehe 24 Mei 2019, mjini New York, Katibu Mkuu António Guterres aliikabidhi familia ya Chitete nishani hiyo, ikiwa ni mara ya kwanza kutolewa tangu ile ya familia ya Diagne. Ningependa uliangalie hilo kwa makini, Mama: katika vita ile watu wengi walipigana kwa ushujaa, lakini kilichoandikwa kando ya jina la Chitete ni mtu aliyemtoa kwenye hatari, wala si idadi ya maadui aliowaangusha.

Kuhusu kufa, azimio halisemi hivyo. Linataja mwanajeshi, polisi au raia anayetumika katika misheni, aliyeonyesha ujasiri wa kipekee mbele ya hatari kubwa. Dereva au mkalimani anaweza kupendekezwa, na anaweza kuipokea kwa mkono wake mwenyewe. Hata hivyo ilipotolewa tena mwaka 2022, ilikwenda kwa Kapteni Abdelrazakh Hamit Bahar wa Chad, aliyeuawa Aprili 2021 akiilinda kambi ya Aguelhok nchini Mali, na hapo pia ilipokelewa kwa niaba ya marehemu. Naona wanaopendekeza majina wangefaa kuwatazama na walio hai.