Kabla hujamfundisha mtoto kukanyaga baiskeli, mfundishe kusimama

Wazazi wenzangu habari za leo. Hili jambo nimekaa nalo muda mrefu, kila nikitaka kuandika naahirisha, ila juzi mtoto wa jirani kaletewa baiskeli mpya, baba yake anamsukuma kwenye kamteremko ketu huku anapiga kelele "kanyaga! kanyaga!" mwili wote ukanisisimka, maana hiyo kanyaga ndo neno pekee tulilomfundisha mwanangu wiki moja kabla hajaumia.

Sisi tunakaa Kimara, Dar es Salaam, huku ndani. Anayepajua Kimara anajua ni vilima na mabonde, ukitoka getini tu barabara ya vumbi inashuka moja kwa moja mpaka inapokutana na barabara kubwa ambako bodaboda na bajaji hazikatiki kuanzia alfajiri. Kijana wangu alikuwa na miaka 6. Tulimnunulia baiskeli ya mtumba, inchi 16, nyekundu, nzuri kabisa, tukampeleka kiwanjani jioni tatu akajua balansi, akajua kukanyaga, akajua kukata kona, tukashangilia, tukarekodi na video tukatuma kwenye grupu la familia. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza, sasa baba, ukitaka kusimama unafanyaje?

Jumamosi asubuhi mi nafua nikasikia yowe. Alitoka na wenzake, wenzake wakashuka ule mteremko na yeye akashuka, spidi ikamzidi. Breki hakushika hata kidogo. Alitoa miguu kwenye pedali akawa anaburuza ndala chini, ndala moja ikachomoka, akapitiliza mpaka barabara kubwa. Kijana wa bodaboda aliyekuwa anapita alimkwepa akaingia mtaroni na pikipiki yake, mwanangu akavuka akaenda kugonga ukuta wa duka ng'ambo. Akavunjika mkono wa kushoto, kidevu kikachanika akashonwa nyuzi 4. Yule kijana alichubuka magoti na saitimira yake ikavunjika, tulimlipa lakini kuna vitu havilipiki, mpaka leo nikimuona namsalimia kama mdogo wangu wa tumbo moja.

Nilipotulia nikaipeleka ile baiskeli kwa fundi. Akaipindua miguu juu, akazungusha tairi la nyuma, akabana breki. Tairi likaendelea kuzunguka tu. Akanionyesha raba za breki, zimekauka zinang'aa kama kipande cha sabuni kilichosahaulika dirishani, ukizikwaruza kwa ukucha hauachi hata alama. Alafu akamwita mwanangu na piopi yake mkononi, akamwambia shika hapa kwa huo mkono mzima, bana. Vidole havikufika. Yaani ncha za vidole zinagusa ule mkono wa breki ila haziwezi kuuzungukia wala kuuvuta. Kumbe hata raba zingekuwa mpya, mwanangu asingeweza kusimama. Na dawa yake ilikuwa pale pale, kuna kaskrubu kadogo kwenye mkono wa breki, fundi akakakaza kwa bisibisi ule mkono ukasogea karibu na usukani, dakika mbili haikufika. Nilirudi nyumbani nalia njia nzima.

Kwa hiyo ukienda kununua, usimchukulie mtoto baiskeli kubwa "ataikulia". Sare ya shule sawa, viatu sawa, baiskeli hapana. Mkalishe kwenye siti, nyayo zote mbili zifike chini vizuri, alafu mwambie abane breki mbele yako na wewe unasukuma baiskeli kwa nguvu. Isogee? Basi bado. Na zile ndogo zenye breki ya kukanyaga kinyumenyume, mfundishe ajue kabisa kwamba miguu yake ndo breki, asije akaanza kutafuta mkononi wakati hakuna kitu.

Mdogo wake nimemfundisha tofauti kabisa. Siku mbili za kwanza hakupanda. Anaikokota baiskeli kwa mkono, anatembea nayo, nikisema simama anabana breki zote mbili kwa pamoja. Zote mbili, maana akizoea kubana ya mbele peke yake akiwa na spidi tairi la mbele linakwama na yeye anaruka juu ya usukani. Baada ya hapo nikaenda kwa fundi tukafungua pedali, siti tukaishusha mpaka chini, akawa anajisukuma kwa miguu tu kama anakimbia huku amekaa. Watu wakanicheka mtaani eti nimeharibu baiskeli. Ila baiskeli ya kwanza kabisa, ile aliyoitengeneza Karl Drais kule Mannheim Ujerumani mwaka 1817, haikuwa na pedali, watu wazima walikuwa wanajisukuma hivyo hivyo. Mtoto akishapata balansi kwa miguu yake mwenyewe, hofu inaisha, na akishtuka anaweka miguu chini bila kufikiri. Vile vigurudumu vya pembeni sivipendi, mtoto anaegemea tu, balansi hajifunzi, siku ukivitoa mnaanza upya.

Mchezo tuliocheza sana ni wa mstari wa majivu. Nachora mstari chini kwa majivu ya jikoni, anakuja na spidi yake, lazima tairi la mbele lisimame kabla ya majivu. Likigusa, majivu yanabaki kwenye tairi na mwenyewe anaona, huna haja ya kubishana naye. Alafu nikaanza kuita "simama!" bila mstari, muda wowote, mara nikiwa mbele mara nikiwa nyuma yake, mara naita kwa upole mara kwa ukali, mpaka ikawa mwili unasikia kabla ya akili. Naomba mliweke hili neno liwe moja tu nyumbani, sio baba anasema "we!", dada anasema "angalia!", bibi anasema "mungu wangu!", mtoto hajui afanye nini.

Kuhusu barabara niseme wazi, mtoto wa chini ya miaka 10 hawezi kupima gari linakuja haraka kiasi gani. Analiona, ila kupima bado, ni umri tu wala sio utundu, kwa hiyo kumchapa hakusaidii. Sheria yetu Tanzania kwenye makazi ya watu gari lisizidi kilomita 50 kwa saa. Sasa kilomita 50 kwa saa ni kama mita 14 kila sekunde moja. Nilichukua hatua pale uani kwetu, kutoka geti hadi jiko la nje, mita 14 zikakaribia kumaliza ua mzima. Nikawaweka watoto getini nikawaambia pigeni kofi moja, paa! gari lishafika jikoni. Walikaa kimya. Toka siku hiyo wa kwanza akifika mwisho wa vumbi anashuka mwenyewe, anakokota.

Ila tusimuachie mtoto mzigo wote. Hapa Dar kuna shirika la Amend wamefanya kazi nzuri kwenye maeneo ya shule, wanaweka matuta, njia za waenda kwa miguu, vivuko, na huo mradi wao wa SARSAI, yaani wa kukagua na kurekebisha barabara za maeneo ya shule, mwaka 2019 ulipata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI (World Resources Institute). Nawapenda kwa sababu wanarekebisha mahali. Hata sisi mtaani tuliongea na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, Jumapili mchana kiwanja cha mpira kinakuwa cha baiskeli, na wazazi wawili kwa zamu tunakaa pale na maji na plasta.

Na sio baiskeli peke yake. Vigari vya mbao vya beringi ndo vinanitisha zaidi, havina breki kabisa na mtoto amekaa chini mno dereva hamuoni. Kwetu kigari cha beringi ni sehemu tambarare tu, na kamba ya kuvuta nyuma anashika mkubwa. Tairi la kusukuma kwa kijiti nalo linaonekana halina neno, lakini mtoto anakimbia macho yote yako kwenye tairi, likiingia barabarani na yeye anaingia. Hili tunalifanyia mazoezi kabisa, nalisukuma tairi lipite ule mstari wa majivu, nasema "acha liende", na anayeliacha anapata embe. Mwanzoni walikuwa wanatetemeka kwa hamu ya kulifuata.

Wale wadogo kabisa wenye vibaiskeli vya matairi matatu, hatari yao mara nyingi iko ndani ya geti. Gari linarudi nyuma, mtoto yuko nyuma ya bampa, kwenye kioo haonekani. Mume wangu sasa hivi hawashi gari kabla hajalizunguka kwa miguu na kuwahesabu watoto kwa macho, na sisi wengine tumeshazoea kumsubiri.

Helmeti jamani. Usimpe ile ya bodaboda, ni nzito na inamzunguka kichwani. Ya mtoto ikae bapa, kati ya nyusi na helmeti viingie vidole viwili vyako, mkanda chini ya kidevu kiingie kidole kimoja, alafu mwambie atingishe kichwa, isicheze. Ikishapigwa chini kwa nguvu mtoto akiwa ameivaa, nunua nyingine hata kama haina ufa, lile povu la ndani likishabonyea halirudi. Wenye mabinti, mwambie msusi aweke twende kilioni, mabutu yakisimama juu helmeti inakaa kama kofia ya sherehe, akianguka inatoka. Na kanzu ya madrasa ikunjwe ifungwe kiunoni, sketi pia, cheni haichagui. Miguuni raba.

Kubebana kwenye keria ndo nimekataza moja kwa moja. Nimeshaona kisigino cha mtoto kilichoingia kwenye spoki, sitaki kukielezea. Kama wewe mzazi unambeba mwenyewe kwenda shule, mwombe fundi aweke kinga ya kuziba spoki pembeni na vyuma vya kukanyagia.

Mdogo bado hajarudishiwa pedali zake, ziko kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, nimeandika K kwenye ya kushoto. Mkizifungua mkumbuke ya kushoto nati zake ziko kinyume, inafunguka kwa kuzungusha upande ule ambao zingine zinakaza, mi nilihangaika nayo nusu saa mpaka mkono ukaniuma.